Umepata ofa ya Game Pass au PS Plus kwa gemu yako? Piga hesabu hivi kabla hujasaini

Wakuu, vijana wanaotengeneza gemu huku kwetu wananiuliza sana hili swali, hizi huduma ambazo mchezaji analipia kwa mwezi anacheza gemu nyingi, kama Game Pass ya Xbox, PS Plus ya PlayStation, Apple Arcade na wenzao, zinawabeba madevelopa wadogo au zinawamaliza taratibu? Ukisoma majibu ya watu utadhani ni mjadala wa Simba na Yanga, kila mtu ana upande na hamna anayesikiliza. Mimi naona huwezi kujibu kama ni nzuri au mbaya kabla hujajua vitu vitatu: hela ni kiasi gani, inaingia lini, na inakuzuia kuuza wapi. Ofa ileile inaweza kumtoa mtu kimaisha na ikamfilisi mwingine. Kwa hiyo hapa nitaelekeza namna ya kuipima, hasa kwa timu ndogo ya watu wawili watatu wanne ambao wamekaa mwaka na kitu wanatengeneza gemu moja.

Anza kwa kujua huduma inalipaje

Usichanganye hizi huduma kana kwamba zote ni kitu kimoja. Game Pass ilianza Juni 2017 na mara nyingi wanakubaliana na wewe kiasi maalum, wanakulipa, basi, gemu ichezwe na watu kumi au milioni kumi hela ni ileile, ingawa wenyewe Microsoft walishasema mikataba yao inatofautiana sana, kuna ambao walilipiwa gharama zote za kutengeneza na kuna wanaolipwa kulingana na gemu inavyochezwa. PS Plus nayo kwa kawaida ni hela ya mkupuo. Apple Arcade iliyoanza Septemba 2019 ilikuwa inatoa hela ya kutengenezea mapema, ila sharti ni hamna matangazo na hamna kuuza vitu ndani ya gemu, na juu ya hapo kuna mfuko unaogawanywa kwa jinsi watu wanavyocheza. Google Play Pass ndo kabisa usitegemee cheki, wewe unaruhusu app yako iingie, wanakugawia kulingana na matumizi. Humble Choice wao wanagawa namba za kufungulia gemu kwenye Steam (duka la gemu za kompyuta) na mtu akishachukua ni yake milele, hata akiacha kulipia.

Kwa nini hii inajalisha? Sababu hela ya mkupuo unaipangia bajeti leo, ila hela ya mgao hujui itakuwa ngapi mpaka ripoti ije, na sheria za mgao anaziandika mwenye huduma. Mwaka 2020 Apple walisitisha baadhi ya gemu za Arcade zikiwa katikati ya kutengenezwa maana walishabadili mawazo, wakawa wanataka zile zinazomfanya mtu abaki analipia mwezi baada ya mwezi. Waliositishiwa walilipwa kwa hatua waliyofikia tu. Ukipewa ofa ya mgao peke yake, kwenye karatasi yako ya bajeti iandike sifuri, ikija chochote utafurahi.

Alafu kuna hizi za mitandao ya simu, zile mteja anakatwa salio shilingi kadhaa kwa siku anacheza gemu. Huko kabla ya kufurahia asilimia uliyoahidiwa uliza ni asilimia ya nini, maana mtandao unachukua wake, kampuni ya katikati inachukua wake, na wewe unagawiwa kilichobaki.

Sasa chukua kalamu

Tuseme gemu yako utaiuza dola 15. Duka linakata 30%, inabaki 10.50. Lakini usishike hiyo 10.50, watu wengi watanunua siku za punguzo, kuna nchi bei iko chini, kuna wanaorudisha (Steam mtu anaruhusiwa kurudisha ndani ya siku 14 kama amecheza chini ya masaa mawili), kuna kodi za mauzo. Mimi kwa gemu ya 15 huwa napiga dola 6 mkononi kwa kila nakala, ukitaka kuwa na moyo mgumu zaidi piga 5.

Ofa imekuja dola 90,000 kwa mwaka mmoja kwenye Xbox. 90,000 gawa kwa 6 unapata nakala 15,000. Kwa hiyo swali linakuwa je, bila hii huduma ningeuza nakala 15,000 kwenye Xbox peke yake ndani ya huo mwaka? Sio Steam, sio Switch, Xbox tu. Kama Steam kwenyewe una wishlisti 7,000 (watu walioiweka gemu yako kwenye orodha ya wanazotaka kununua) na hamna anayekufahamu, jibu unalo, huwezi, hiyo hela ni nzuri. Kama gemu yako iliyopita iliuza nakala 40,000 kwenye konsoli hiyohiyo basi unapunjwa, rudi mezani.

Kuna watu watakwambia usiwe na wasiwasi, huduma inaleta watu na mauzo yanapanda hukohuko. Wapo waliofanikiwa hivyo ni kweli. Ila Microsoft wenyewe walipokuwa wanachunguzwa na mamlaka ya ushindani ya Uingereza kuhusu kuinunua kampuni ya gemu ya Activision, ripoti ya 2023 ilionyesha wamekubali kwamba mauzo ya gemu yanashuka ndani ya miezi 12 baada ya kuwekwa Game Pass, asilimia yenyewe ikafichwa kwa wino mweusi. Ndo maana ushauri wangu ni huu: piga hesabu kama vile kwenye duka hilo hutauza nakala hata moja tena. Kama cheki bado inashinda, chukua. Kitakachouzwa juu ya hapo ni marupurupu.

Steam ni habari nyingine kidogo. Palworld ilitoka Januari 2024 Steam na Game Pass siku moja, ndani ya kama mwezi wakatangaza nakala milioni 15 zimeuzwa Steam na wachezaji milioni 10 upande wa Xbox. Clair Obscur ya wale Wafaransa Aprili 2025 ilikuwa Game Pass tangu siku ya kwanza na bado ikauza milioni moja ndani ya siku tatu. Silksong nayo Septemba 2025 hivyohivyo, watu wakajazana Steam zaidi ya laki tano kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hoja ya kwamba Game Pass inaua mauzo kila mahali haisimami. Ila usijidanganye pia, hizo zilikuwa gemu ambazo dunia nzima inazisubiri au zimelipuka kwa midomo ya watu. Gemu yako isiyojulikana haina hiyo kinga. Cha kufanya, ofa ikiwa inataja konsoli na PC pamoja, waulize bei ya konsoli peke yake ni ngapi, maana mchezaji wa PC ndo yuleyule wa Steam, na hapo ndo mauzo yako ya kweli yalipo.

Hela iliyoandikwa sio hela utakayoishika

Hapa ndo watu wanalia. Turudi kwenye 90,000 yetu. Kwanza kodi. Malipo ya royalti (hela ya kutumia haki ya kazi yako) yanayohesabika yametoka soko la Marekani yanaweza kukatwa mpaka 30% kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya haina, Tanzania haina. Tuseme nusu ya cheki inahesabiwa ni ya soko hilo, yaani 45,000, ikakatwa 30% ni 13,500 imeondoka. Unabaki na 76,500. Kama una pablisha (kampuni inayokutolea na kukutangazia gemu) anayechukua 30% hiyo ni 22,950, sasa umebaki na 53,550. Timu ya watu watatu mkiwa mnatumia dola 4,500 kwa mwezi, mishahara, ofisi, umeme, intaneti, leseni za programu, kwa miezi 18 mmeshatumia 81,000. Unaona? Cheki iliyoonekana imelipia gemu nzima na chenji, haijafika hata hapo. Na TRA au KRA bado hawajaongea.

Sio kwamba uikatae, ila ujue unachosaini. Ongea na mhasibu anayeelewa fomu ya W-8BEN-E (ya kodi ya Marekani kwa kampuni za nje) kabla ya mkataba sio baada, na omba mkataba ugawanye malipo kwa maeneo, kiasi gani ni cha Marekani na kiasi gani ni cha kwingine, maana usipogawanya kuna hatari wakakata kwenye yote. Na kwa pablisha, soma vizuri kama hela za huduma zinaingia kwenye kurudisha gharama zake kwanza. Nimeona mikataba ambayo pablisha anajirudishia kila senti ya matangazo kwanza, ndo developa aanze kuonja, na cheki ya huduma ikamezwa yote hapo.

Kuna gemu moja sisi Waswahili tunapaswa kuijua kwenye hili, Tales of Kenzera: ZAU. Imeongozwa na Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili (kama hujaisikia itafute, raha sana). Ilitoka 23 Aprili 2024 kwa dola 20, na kwenye PS Plus Extra ilikuwepo tangu siku hiyohiyo. Julai mwaka huohuo studio ikapunguza watu zaidi ya kumi, Oktoba ikatangaza kuisimamisha timu ya gemu huku wakitafuta mtu wa kudhamini mradi unaofuata. Sisemi PS Plus ndo iliwaponza, mwaka ule studio zilikuwa zinafungwa kila kona, na pablisha wao alikuwa EA kwa hiyo mgao wao una mikono mingi. Nachosema ni kwamba kuwekwa mbele ya mamilioni ya watu sio mshahara wa mwezi ujao. Walirudi Julai 2025 na gemu ndogo ya kutisha, Dead Take, na safari hii pablisha wao ni Pocketpair, walewale wa Palworld.

Angalia gemu yako ni ya aina gani

Gemu za kucheza wengi mtandaoni zinafaidika kuliko zote, sababu bila watu zinakufa hata kama ni tamu. Rocket League iliwekwa PS Plus Julai 2015 siku inatoka, kesho yake dunia nzima iko uwanjani. Fall Guys Agosti 2020 ikafanya hivyohivyo na bado ikauza mamilioni Steam. Kama gemu yako ni ya hivo, hata ofa ndogo kidogo ifikirie, na hakikisha seva zinabeba.

Gemu yenye DLC (nyongeza za kulipia) au vitu vya kununua ndani nayo iko sawa, mchezaji kapata gemu bure akipenda atanunua nyongeza. Hakikisha tu DLC haimo kwenye kifurushi.

Ila gemu fupi ya hadithi, masaa manne imeisha, hapo kuwa makini sana. Mtu akishaimaliza kwenye huduma hana sababu ya kuinunua tena, na rafiki yake akiuliza atajibiwa "ipo Game Pass bana, usinunue". Kwa gemu kama hizo cheki lazima iwe kubwa, maana unauza mara moja tu.

Lini uingie

Watu wanadhani ni lazima siku ya kwanza. Hapana. Balatro ilitoka Februari 2024, mtu mmoja tu wa Kanada kaitengeneza, ikauzwa kila mahali mwaka mzima, Januari 2025 wakatangaza nakala milioni tano, ndo Februari 2025 ikaingia Game Pass. Yaani walivuna wanunuzi wote waliokuwa tayari kulipa bei kamili, alafu ndo wakaenda kuchukua hela ya Game Pass kwa wale ambao wasingenunua. Kwa gemu ambayo una uhakika itauza, mimi ningefanya hivi kila siku. Siku ya kwanza ni kwa ajili ya mtu ambaye anahitaji hela ili gemu iishe kabisa, au ambaye wishlisti zake zinaonyesha wazi kwamba hatasikika.

Na kuchelewa kuna hasara yake, ofa ya siku ya kwanza kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mwaka wa pili. Pia hela zenyewe sio kama za 2020. Madevelopa wengi wamesema wazi kwamba ofa zimepungua, na Oktoba 2025 Game Pass Ultimate ilipanda kutoka dola 19.99 mpaka 29.99 kwa mwezi, kwa hiyo hiki kitu bado kinatafuta umbo lake. Usiandike mpango wa kampuni wa miaka mitatu ukitegemea gemu ya pili nayo itapata ofa.

Kusoma mkataba

Tafuta mwanasheria, hata kama ni wa masaa mawili tu. Ila wewe mwenyewe tafuta vifungu hivi.

Tarehe ikisogea inakuwaje? Hiki watu wanakiruka na ndo chenye maumivu. Oddworld: Soulstorm walikubaliana na Sony kiasi fulani wakitegemea gemu itoke mapema wakati PS5 bado chache mtaani, walidhani daunlodi zitakuwa kama elfu 50 mpaka laki moja. Gemu ikachelewa mpaka Aprili 2021, PS5 zimeongezeka mtaani, ikachukuliwa bure na watu karibu milioni nne. Hela ni ileile. Bosi wao Lorne Lanning alikuja kusema wazi kwamba iliwaumiza vibaya. Kwa hiyo omba maneno kama haya yaingie: gemu ikichelewa zaidi ya miezi kadhaa pande zote zikae upya kwenye bei, au kuwe na malipo ya ziada daunlodi zikivuka idadi fulani. Wanaweza kukataa, ila kuomba hakulipiwi.

Malipo yanakuja kwa awamu gani? Kuna wanaolipa kidogo ukisaini, kidogo gemu ikipita ukaguzi wao, na kubwa ikishatoka. Kama 70% inakuja siku 60 baada ya kutoka, basi hiyo hela haikusaidii kumaliza gemu, itabidi ukope, na riba za huku unazijua.

Kuongeza muda. Kuna kifungu kinachowapa wao haki ya kuongeza mwaka wa pili kwa bei waliyoipanga leo. Kwa gemu isiyojulikana hiyo bei itakuwa ndogo, na gemu ikilipuka umefungwa. Kifute au kipandishe.

Ukikatazwa kuuza kwingine, kwa muda gani na wapi? Kukatazwa konsoli ya mpinzani miezi sita ni jambo moja, kukatazwa Steam ni jambo lingine kabisa na bei yake iwe mara kadhaa. Na gemu ikiondolewa haki zote zinarudi kwako? Monument Valley 3 ilitoka Desemba 2024 ikiwa ya Netflix tu kwenye simu, Julai 2025 Netflix wakaiondoa pamoja na Hades na nyingine nyingi. Kama ungekuwa wewe, ungetaka siku hiyohiyo uwe na ruhusa ya kuipeleka kwingine.

Na gemu ya pili. Kama kuna neno linalowapa haki ya kwanza kwenye mwendelezo, uliza wanalipia nini kwa haki hiyo.

Namna ya kuongea bei

Kwanza ujue hawa jamaa nao wanakisia. Nyaraka za Microsoft zilizovuja 2023 zilionyesha waliikadiria Baldur's Gate 3 kwamba kuiweka Game Pass ingegharimu kama dola milioni 5, gemu ambayo baadaye ilibeba karibu kila tuzo ya mwaka. Na kesi ya Apple na Epic, kampuni yenye duka lake la gemu za kompyuta, ilitoa bei za gemu ambazo Epic walizigawa bure dukani kwao, Subnautica walilipwa dola milioni 1.4, Super Meat Boy dola elfu 50. Kugawa bure sio sawa na huduma ya mwezi, ila unaona pengo lilivyo. Hamna bei ya soko. Kuna unachoweza kuwathibitishia.

Kwa hiyo nenda na ushahidi: wishlisti zinavyopanda kila wiki, demo imechezwa na wangapi na kwa dakika ngapi, video za watu wanaoicheza. Programu ya ID@Xbox, ya Microsoft kwa madevelopa wanaojitegemea, ipo tangu 2013 na kujiunga hulipii, unajaza maombi, na ni vizuri uwe na gemu inayochezeka, sio makaratasi tu. Taja bei wewe kwanza, na iwe imejengwa juu ya gharama zako zote pamoja na miezi sita ya kuishi baada ya gemu kutoka, maana apdeti na kurekebisha makosa hakufanyiki kwa upepo. Wakikupa nusu ya hiyo, usikatae haraka, badilisha unachowapa: miezi sita badala ya 12, konsoli bila PC, mwaka wa pili badala ya siku ya kwanza.

Ukishasaini, weka kalenda ya siku gemu inaondoka. Wiki mbili kabla, wachezaji wanaanza kuona tangazo kwamba inaondolewa, na wapo ambao hawajaimaliza watainunua kama bei inawaita, kwa hiyo omba punguzo likae kipindi hicho na wewe upige punguzo Steam wiki hiyohiyo, toa apdeti yenye kitu kipya, na andika wazi kwenye ukurasa wa gemu wa konsoli hiyohiyo kwamba akinunua hapo anaendelea pale alipoishia. Hakikisha ni kweli kabla hujaandika, jaribu mwenyewe kwa akaunti mbili.